Pumzi za Shangazi

Katika hospitali ile, mtu aliyepiga picha za eksirei aliitwa Bwana Shikilia, na jina hilo hakupewa na mzazi. Kazi ndiyo iliyompa. Kila siku alisimama nyuma ya kioo kizito akawaambia watu maneno yale yale: "Vuta pumzi. Shikilia... shikilia... haya, pumua." Wagonjwa walivuta, walishikilia, mashine ikalia, wakavaa mashati yao na kwenda zao. Wauguzi wakaanza kumwita Shikilia kwa utani, utani ukakomaa ukawa jina, hata mkewe akawa analitumia akitaka kumchokoza.

Kwenye kazi hiyo alikuwa fundi kweli. Alijua kumgeuza mzee mwenye mgongo uliopinda bila kumtonesha, alijua kumnyamazisha mtoto anayelia kwa kumwomba aisaidie mashine kuhesabu mbavu. Ila mganga hajigangi. Yeye mwenyewe alipumua kama mtu anayeonja uji wa moto: kidogo, haraka, kwa ncha ya mdomo, huku mabega yakipanda na kushuka. Hakuwahi kuliona hilo. Nani huiangalia pumzi yake? Ipo, inakwenda, basi.

Siku moja ilikataa kwenda. Alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, kitambaa kimefungwa shingoni, nusu ya kichwa imeshanyolewa, mara akahisi kifua kimebana. Akavuta hewa, haikutosha. Akavuta tena, ikawa kama inaishia kooni. Vidole vikamfa ganzi, midomo ikamwasha, moyo ukaanza kwenda mbio kama unataka kutoka na kumwacha pale pale. Akaruka kitini, akatoka nje na kitambaa chake shingoni, akashika nguzo ya duka la jirani huku akitweta.

"Ndugu, nimekukata?" kinyozi alimfuata akiwa na mashine mkononi.

"Nakufa," alisema Shikilia.

Hakufa. Baada ya muda hali ilitulia, akarudi nyumbani na nusu ya nywele zake. Lakini tangu siku ile hofu ikahamia kwake kama mpangaji. Ikamjia kwenye foleni, ikamjia ngazini, ikamjia akiwa mezani na kijiko mkononi. Kwa kinyozi hakurudi tena, mkewe akawa anamkata kwa mkasi wa kushonea, na kichwa kikawa kama shamba lililopitiwa na mbuzi.

Alikwenda kwa daktari wa kifua wa hospitalini kwao, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na macho yasiyokosa kitu. Daktari akampima moyo, akampima damu, akamwomba mwenzake ampige picha ya kifua. Shikilia aliisoma mwenyewe hiyo picha, akaitafuta kasoro kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Hakuona kitu.

"Moyo wako mzima," daktari alimwambia. "Damu yako safi. Mapafu yako ningependa kuwa nayo mimi."

"Basi mbona nakufa, daktari?"

"Hufi. Unapumua vibaya. Unavuta hewa nyingi, haraka haraka, tena kwa mdomo, na kwa kifua cha juu tu. Mwili unachanganyikiwa, wewe unaogopa, ukiogopa unazidisha kuvuta. Nikupangie mazoezi?"

Shikilia alishukuru, akatoka, na njia nzima alikuwa amenuna. Mtu mzima aambiwe hajui kupumua! "Hata kuku anajua kupumua," alimwambia mkewe.

"Kuku hakimbii kinyozi," mkewe alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani.

Mambo yalikuwa hapo shangazi alipokuja kukaa nao. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yake, na nyumba yake ilikuwa imevuliwa paa ili libadilishwe. Ukoo mzima ulimwita Shangazi Polepole. Alikuwa na polepole ambayo ilikuwa hadithi ya kila harusi na kila msiba. Walisema ukimtuma chumvi, andaa mboga ya kesho. Aliongea polepole, na katikati ya sentensi alinyamaza hadi mtu asiyemzoea akadhani amemaliza, akadakia, na shangazi akaendelea alipoishia kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Alipofanya kazi alifunga mdomo na kuvumisha sauti puani, si wimbo, mvumo tu usio na kichwa wala miguu.

Familia ilikaa ghorofa ya tatu, na lifti haikuwapo. Siku aliyowasili, Shikilia alitangulia na begi lake, akapanda mbio, akafika mlangoni ameshika ukuta, macho yamemtoka. Shangazi alichukua muda wake. Kwenye kila kituo cha ngazi alisimama, akayasifu maua ya mtu kwenye kopo, akamwuliza mama mmoja hali ya mguu wake. Alipofika juu alikuwa mkavu kabisa.

"Shikamoo tena, shangazi," mke wa Shikilia alimtania. "Maana tangu ile ya chini umeshazeeka."

"Marahaba, mwanangu." Akatulia. "Na huyu mume wako... amefukuzwa na nani?"

Binti yao mdogo, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, alicheka hadi akakaa chini.

Wiki ya pili shangazi alipanda stuli kutundika pazia, kwa kuwa aliona limekaa upande. Stuli ikateleza. Akaangukia ukingo wa kochi kwa ubavu, akakaa pale sakafuni, amefumba macho, mkono mmoja tumboni. Mke wa Shikilia alipiga yowe. Mtoto akalia. Shangazi aliinua kidole kuomba kimya, akakaa hivyo kwa muda, pua ikifanya kazi yake, kisha akasema, "Sasa... niinueni."

Kesho yake Shikilia alimpeleka hospitalini mwenyewe. Muuguzi wa kike alimsaidia kuvua na kumvalisha gauni la wagonjwa, akamleta mbele ya ubao wa mashine, akamsimamisha kifua kikigusa. Shikilia akajificha nyuma ya kioo chake.

"Haya shangazi, vuta pumzi..."

"Kwa pua au kwa mdomo?"

Miaka yote ya kazi, hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. "Vyovyote, shangazi."

"Si vyovyote, baba. Lakini haya."

Akavuta. Akashikilia, tuli kama samani. Mashine ikalia.

Picha ilipojitokeza kwenye kioo cha kompyuta, Shikilia alifikiri mashine imekosea. Upande wa kulia ulikuwa picha ya kifua kama zote. Upande wa kushoto ulikuwa mweupe, mweupe mtupu, kama ukurasa ambao mwandishi hakufika. Akasogeza uso. Akaona bomba la hewa limepinda kuelekea upande ule. Akaona moyo nao umehama, umekwenda kulala kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Kisha akaona kitu kilichomfanya aweke mkono mdomoni: pafu la kulia, lile lililobaki, lilikuwa limetanuka, likajaza upande wake wote, kisha likavuka katikati ya kifua na kuingia kwa jirani, kama mti uliokosa mwenzake ukatupa matawi hadi upande wa pili wa ua.

Picha za namna hiyo alikuwa amewahi kuziona mara chache, na wenye nazo walikuwa wamelala vitandani na mtungi wa oksijeni ubavuni. Hakuwahi kuiona ya mtu aliyepanda ghorofa tatu akiulizia habari za mguu wa mama wa watu.

Alitoka nyuma ya kioo.

"Shangazi," alisema, "pafu lako la kushoto liko wapi?"

Shangazi alifunga vizuri kamba ya gauni. "Lilibaki hospitalini," akasema, "kabla wewe hujazaliwa."

Daktari wa kifua aliitwa. Mbavu hazikuvunjika, zilikuwa zimepigika tu, lakini picha ile ilimfanya avute kiti na kukaa. Akamwomba shangazi aeleze. Shangazi akaeleza kwa namna yake, na kwa mara ya kwanza Shikilia alizisikiliza zile nyamaza-nyamaza zake zote hadi mwisho bila kudakia.

Alikuwa msichana. Alikohoa mwaka mzima, akakonda hadi nguo zikamkataa. Pafu moja lilikuwa limeoza, na madaktari wakalitoa lisije likamchukua na yeye. Alipozinduka hakuweza kuvuta hata hewa ya kuzimia mshumaa. Alilia, na kulia nako kulihitaji pumzi asiyokuwa nayo. Wodini alikuwepo muuguzi mmoja, mwanamke mnene asiyecheka, aliyemjia kila asubuhi na bakuli la bati, akamwekea tumboni. "Alisema, pandisha bakuli. Shusha bakuli. Basi. Hakunifundisha kitu kingine chochote. Nilidhani ananidhihaki. Siku ya kwanza bakuli halikutikisika. Nilipotoka pale... lilikuwa linapanda na kushuka nikiwa usingizini, wagonjwa wenzangu wananicheka."

"Na mbona hatukujua?" Shikilia aliuliza. "Sisi wote tulikuwa tunakucheka polepole yako."

"Baba yako alijua, na wazazi wetu. Niliwaapisha wasiseme. Nani angemposa msichana mwenye pafu moja? Kisha nikaposwa, nikamwambia mume wangu, akasema sawa. Nikazaa. Nikalea. Baadaye..." Akatulia, na wote wakamsubiri. "Baadaye nikasahau kwamba ni siri."

Daktari alitaka kuona kama kiwambo cha kulia kinakwenda vizuri baada ya kuanguka. Kiwambo ni ule msuli mpana uliotandazwa kati ya kifua na tumbo, ndio unaoshuka hewa iingie na kupanda hewa itoke. Chumba cha pili kulikuwa na mashine ya picha zinazotembea, ile wanayotumia kutazama watu wakimeza. Shangazi akalazwa. Shikilia akaweka mguu kwenye kanyagio, daktari akasimama karibu naye, taa zikapunguzwa.

"Pumua kama kawaida yako, mama," daktari alisema.

Na Shikilia akaona. Kazi yake yote ilikuwa kusimamisha watu, kuwagandisha, kuwapata wakiwa hawatikisiki. Kifua kinachoishi hakuwahi kukitazama namna ile, cha mtu aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo. Kiwambo kilishuka, kipana, bila haraka, kama shuka linaloteremshwa na watu walioshika pembe zake zote, na kilivyoshuka ndivyo lile pafu moja lilivyojaa mwanga, maana kwenye kioo cha mashine ile hewa huonekana nyeupe, kuanzia chini kabisa, likapanda, likavuka mpaka, likafika hadi kule kusikokuwa kwake. Kikatulia. Kisha kikaanza kupanda, taratibu zaidi ya kilivyoshuka, na mwanga ukapungua kama alfajiri inayorudi nyuma. Pembeni, moyo uliohamia upande mtupu ulikuwa ukidunda kwa amani zake.

Mguu wake ukaachia kanyagio kwa wakati, ili miale isimzidi shangazi, kwa sababu kazi ni kazi. Lakini shangazi alipokuwa akivaa, Shikilia alimwomba daktari wairudie ile rekodi. Wakaitazama tena wawili. Alifikiria harusi ambazo kiwambo kile kilipanda na kushuka, misiba, uchungu wa uzazi, mitaro aliyoruka, usingizi. Hata siku walizokuwa wanamcheka mezani kilikuwa kinafanya kazi hiyo hiyo, na hakikuwahi kukosa.

"Uzuri ulioje," daktari alisema, na haikuwa sauti ya daktari. Kisha akamgeukia. "Sasa lala wewe."

"Mimi?"

"Si kwa mashine hii. Kwa ultrasaundi, haina madhara. Nataka ukione chako."

Alilala, shati juu, dawa ya kuteleza ikampoza ubavuni kama chura. Daktari akaupitisha mkono wa mashine chini ya mbavu, akaelekeza kidole kwenye kioo. Palikuwa na mstari mweupe. Mstari ulikuwa unatikisika, unatikisika tu, kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kiti na kuogopa kuegemea. Shingo yake ndiyo iliyokuwa inabeba mzigo wote, mishipa imesimama.

Shangazi alisogea karibu, akavaa miwani. "Chake ndicho hicho?"

"Ndicho, mama."

"Na mapafu anayo yote mawili?"

"Yote mawili, tena mazuri."

Shangazi alitikisa kichwa. "Kumbe mnayaweka kama sebule ya wageni. Mmepanga viti, mmetandika vitambaa... na hakuna anayeruhusiwa kukaa."

Daktari alicheka hadi mstari ukapotea kwenye kioo.

Jioni hiyo nyumbani, Shikilia alilala kitandani na bakuli la plastiki tumboni, kwa kuwa la bati hawakuwa nalo. Mkewe aliacha kushona ili asikose kitu. Binti alipanda kitandani kuangalia vizuri. Shikilia akavuta kwa nguvu zake zote, mabega yakafika masikioni, kizunguzungu kikamshika, na bakuli likabaki pale pale.

"Usivute," shangazi alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Nisivute? Sasa nitapumuaje?"

"Anza kwa kutoa. Umejaa hadi pomoni... unataka kuongeza nini? Funga mdomo. Toa kwa pua, polepole, kama unapuliza chai ya mtu mwingine. Ikiisha, usifanye kitu. Itaingia yenyewe. Haijawahi kuomba ruhusa yako."

Akatoa. Akaendelea kutoa hata alipodhani imekwisha. Akangoja, moyo ukimwambia vuta, vuta mpumbavu wewe, utakufa. Hakuvuta. Na hewa ikaingia. Iliingia yenyewe, baridi puani, ikashuka mahali ambapo hakujua ana mahali, na bakuli likainuka kidogo, kiasi cha unene wa kidole.

"Limepanda!" binti alipiga kelele.

Shikilia alikuwa anatazama dari, machozi yakimtiririkia masikioni, naye hakujua ni ya nini.

Haikuwa muujiza wa siku moja. Kuna jioni bakuli lilikataa, na kuna siku alisahau kabisa, akajikuta ameshapanda ngazi kwa mdomo wazi kama samaki. Shangazi hakumkemea. Alimfundisha kutembea huku akivumisha puani, ili ajue pumzi yake ina urefu gani, na wapangaji wa ghorofa ya pili wakaanza kusema hospitali imemchanganya. Daktari naye alimwonya asiugeuze ugonjwa wa kila mtu kuwa suala la kupumua: mwenye pumu atumie dawa yake, mwenye maumivu ya kifua aje apimwe. "Wewe ulikuja, tukapima, ndiyo maana tunajua," alisema.

Hofu ikamrudia kazini, asubuhi moja, benchi la nje limejaa. Alikuwa anamweka sawa fundi mwashi mmoja mkubwa, mabega kama mlango, mara kifua kikabana na vidole vikaanza kufa ganzi. Akamwambia, "Samahani ndugu yangu, subiri kidogo," akavuta stuli, akakaa.

Mwashi alimtazama, kifua wazi, mikono kiunoni. "Bwana, mgonjwa ni wewe au ni mimi?"

"Leo sote."

Akafunga mdomo. Akaweka mkono tumboni. Akatoa, akatoa, akangoja. Hofu ilikuja yote, na vitisho vyake vyote, ikasimama juu yake kama lori linalonguruma mlangoni. Hakuifukuza. Hewa ikaingia. Akatoa tena, ndefu zaidi. Akasikia mkono wake ukiinuliwa na tumbo lake mwenyewe, akakumbuka lile shuka likiteremka, akajua kwamba hata ndani mwake sasa hivi, gizani, pasipo kioo cha kuonyesha, jambo lile lile lilikuwa linatendeka. Lori likanguruma likaondoka. Vidole vikarudi kimoja kimoja.

Mwashi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, na bila kujijua naye alikuwa amefunga mdomo, anapumua naye.

"Imepita?" aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye mahali pa ibada.

"Imepita."

"Mambo gani hayo, bwana?"

"Pumzi tu," Shikilia alisema, na neno lile likaonekana kubwa mno kinywani mwake.

Hofu ilikuja tena mara mbili tatu, kila mara ikiwa nyembamba kuliko ya mwanzo, kisha ikaacha kuja, au ilikuja na hakuitambua. Alilala vizuri. Mkewe alisema hakoromi kama zamani na hagombi kama zamani, na kwamba la pili ndilo linalomshangaza. Paa la shangazi likakamilika, mwanawe akaja kumchukua, akaondoka na begi lake akivumisha puani. Ukoo ulipopata habari, kupitia mdomo wa mke wa Shikilia usiofungika, simu zilipigwa kwa siku kadhaa. Wengi walitaka kujua kama ni kweli. Wachache waliomba radhi. Shangazi aliwaambia wote kwamba yuko na shughuli, wapige kesho.

Mchana mmoja wa Jumapili Shikilia aliingia chumbani kuchukua shati, akamkuta binti yake amelala chali, mikono imetupwa juu, mdomo umefungwa. Akasimama. Tumbo la mtoto lilikuwa linapanda na kushuka, jepesi, taratibu, kutoka chini kabisa, bila bega kutikisika. Hakuna aliyemfundisha. Hakuwahi kuwekewa bakuli.

"Mama," alimwita mkewe kwa sauti ya chini. "Njoo."

Mkewe alikuja mbio kutoka jikoni, amefuta mikono nusu. "Ana nini? Ana homa?"

"Hana kitu. Tazama."

"Nitazame nini?"

"Tazama tu."

Mkewe alifungua kinywa kumjibu, kisha akafuata macho ya mumewe. Wakasimama pale mlangoni, bega kwa bega, wakitazama tumbo lile dogo likipanda na kushuka, muda mrefu kuliko walivyokusudia. Maharage yakaungua jikoni. Siku hiyo walikula mkate na chai.